HARUFU YA HATARI
Jinsi samaki wadogo wa miambani wanavyofunzwa kuwajua adui zao

Mtu aliyefuga mbuzi analijua jambo hili. Usiku ni wa giza, zizi limefungwa, wala hakuna kinachoonekana au kusikika. Mara mbuzi wote huinuka, hujisonga pamoja upande mmoja, wakatulia kimya. Mwenye mbuzi akitoka na taa haoni kitu. Kumbe asubuhi akizunguka nyuma ya boma huziona nyayo za chui. Mbuzi hawakumwona chui, bali upepo uliwaletea harufu yake, na harufu hiyo ilitosha.

Katika bahari mambo ni hayo hayo, isipokuwa kwamba huko maji ndiyo upepo. Watu wengi hudhani kwamba samaki ni kiumbe mjinga, mwenye macho na kinywa tu, ambaye huishi kwa bahati hata siku atakayoingia wavuni au tumboni mwa mkubwa wake. Wazo hilo si sahihi. Mabingwa wa elimu ya viumbe wamechunguza kwa muda wa miaka mingi, na wameona kwamba samaki, hata aliye mdogo kama ukucha, huweza kunusa hatari, kuikumbuka, na kujifunza ni nani wa kuogopwa na ni nani asiye na madhara. Katika makala haya tutaeleza jinsi elimu hiyo inavyopatikana, na kwa nini yamhusu hata mtu asiyepata kuiona bahari, maadamu hula samaki.

PUA YA SAMAKI

Samaki anayo pua, lakini haitumii kwa kuvuta pumzi. Kazi ya kuvuta pumzi ni ya matamvua yaliyo chini ya mashavu yake. Ukimtazama changu au chewa sokoni utaona vitundu viwili vidogo kila upande, mbele ya jicho. Maji huingia kwa tundu la mbele, hupita juu ya mikunjo laini iliyojaa mishipa ya fahamu, kisha hutoka kwa tundu la nyuma. Vitu vilivyoyeyuka katika maji hayo, hata vikiwa vichache mno, hutambuliwa hapo, na habari zake hupelekwa katika ubongo mara moja.

Kati ya matumbawe msaada wa namna hiyo ni wa lazima. Mwamba wa matumbawe ni kama mji wenye vichochoro vingi. Mkunga hukaa pangoni akitoa kichwa tu. Chewa hulala kivulini, na rangi yake hufanana na jiwe alilolalia. Macho hayapiti ukuta, wala hayafai kitu usiku au maji yanapochafuka. Lakini harufu hupinda kona. Tena harufu hubaki kwa muda, hata samaki afikaye baadaye apate kujua jambo lililotokea kabla hajafika.

SAMAKI ALIYETIWA ALAMA

Jambo hili lilianza kujulikana vizuri kwa kazi ya Profesa Karl von Frisch, mtu wa Austria aliyezaliwa mwaka wa 1886. Jina lake lajulikana zaidi kwa sababu ya nyuki, kwa maana yeye ndiye aliyefumbua maana ya michezo ya nyuki wanapoelekezana mahali penye maua. Kwa kazi zake alipewa, pamoja na wenzake wawili, tuzo ya Nobel katika mwaka wa 1973.

Profesa huyo alipenda samaki pia. Alikuwa na makundi ya samaki wadogo wa mito ya Ulaya, akichunguza tabia zao. Siku moja alimtia mmoja wao alama kwa kumjeruhi kidogo, ili apate kumtambua, kisha akamrudisha kundini. Alishangaa kuona kwamba wenzake, ambao dakika chache tu mbele walikuwa wakila kwa utulivu, walishtuka, wakakusanyana, wakakimbia kujificha. Samaki aliyejeruhiwa hakufanya lolote la kuwatisha. Basi Profesa akajiuliza, ‘Wameambiwa na nani?’

Alianza kujaribu kitu kimoja kimoja. Alichukua ngozi ya samaki wa aina ile ile, akaisaga katika maji, akayamwaga maji hayo polepole mahali samaki walipokuwa wakilishwa. Walikimbia vile vile, ingawa hapakuwa na samaki aliyejeruhiwa wala adui yeyote. Hivyo ikadhihirika kwamba ngozi ina kitu ambacho, kikitoka ndani ya maji, huwa tangazo la hatari kwa wote wa kabila lile. Habari hizi alizitangaza mwaka wa 1938, na kitu hicho akakipa jina la Kijerumani lenye maana ya ‘kitu cha hofu’.

TANGAZO LISILOWEZA KUWA LA UONGO

Yafaa msomaji aangalie vizuri hapa. Kitu hicho hakitoki kwa kupenda kwake samaki, kama mtu apigavyo ukemi anapoona mwizi. Kimefungwa ndani ya ngozi, katika seli, yaani zile chembe ndogo sana ambazo mwili umejengwa kwazo. Na seli hizo hazina mlango. Hazifunguki ila zikipasuliwa. Ngozi ya samaki ikipasuka, mara nyingi sababu ni meno ya adui. Kwa hiyo harufu hiyo huwaambia wengine jambo moja lisilo na shaka: karibu na hapa, sasa hivi, mmoja wetu ameumwa.

Kitu chenyewe ni nini hasa? Katika mwaka wa 2012 mabingwa waliofanya kazi Singapore walieleza kwamba, katika samaki mmoja mdogo mwenye milia kama punda milia, sehemu ya tangazo hilo ni vipande vya kondroitini, ambayo ni namna ya sukari iliyofungamana, ipatikanayo katika ute wa ngozi. Ngozi ikichanika, vipande hivyo huingia majini na kunuswa.

Samaki waliochunguzwa kwanza ni wa maji baridi, wa lile kundi kubwa lenye kambale, ningu, na omena wa Ziwa Victoria. Baadaye ilionekana kwamba samaki wa makundi mengine mengi hufanya vivyo hivyo, na miongoni mwao wako samaki wa miamba ya bahari.

Hapo huzuka swali ambalo mwanafunzi mwerevu hawezi kuacha kuliuliza. Huyo aliyeumwa anapata faida gani? Ikiwa ameliwa, shukrani za wenzake hazimfikii. Mabingwa wametoa majibu mawili. Jibu la kwanza ni kwamba huenda seli hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kuonya, bali kwa ajili ya kuilinda ngozi na vijidudu na ukali wa jua, na wengine wamejifunza tu kuitumia harufu yake. Jibu la pili ni kwamba harufu hiyo huwavuta adui wengine pia. Nao wakifika hugombana na yule wa kwanza, na katika ghasia hiyo mateka huweza kuponyoka. Majibu hayo mawili hayapingani. Yaweza kuwa yote ni kweli.

WATOTO WASIO NA MAMA

Sasa twende kwenye miamba ya Australia, katika ule mwamba mkubwa uitwao Great Barrier Reef, wenye urefu wa kilometa zaidi ya 2,000. Huko, katika kisiwa cha Lizard, Profesa Mark McCormick wa Chuo Kikuu cha James Cook na wenzake walifanya majaribio mengi kwa samaki mmoja mdogo wa manjano. Samaki huyo huitwa kwa jina la kisiwa cha Ambon katika Indonesia. Katika miamba ya pwani yetu hayumo yeye mwenyewe, lakini jamaa zake wamo kwa wingi; ni wale samaki wadogo wenye kuzunguka juu ya matumbawe, ambao humkimbia mtu apitaye na kurudi mara baada ya yeye kupita.

Maisha ya samaki huyu huanza kwa upweke. Jike huyataga mayai mwambani, na dume huyalinda mpaka yanapoanguliwa. Tangu hapo watoto hawana baba wala mama. Huchukuliwa na maji mpaka bahari wazi, wakiwa wembamba na wenye kupenyeza mwanga kama kioo, wakakaa huko kwa muda wa wiki mbili au tatu hivi. Kisha, usiku, mara nyingi nyakati za mwezi mwandamo, hurudi mwambani kutafuta makao. Kila mmoja hufika peke yake, mahali asipopajua, penye majirani asiowajua.

Msomaji afikirie hali ya kijana aliyetoka kijijini usiku akashushwa katika mji mkubwa asio na ndugu humo, wala hajui mtaa upi ni wa watu wema na upi ni wa wanyang’anyi. Hali ya samaki huyu ni mbaya zaidi. Mabingwa wawili waliokusanya hesabu za uchunguzi mwingi, wakazitangaza mwaka wa 2006, walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya samaki wachanga wanaofika mwambani huliwa katika siku moja au mbili za kwanza. Zaidi ya nusu! Basi elimu ya kuwajua adui haiwezi kungoja. Ama ipatikane upesi, ama isipatikane kabisa.

DARASA LA SIKU MOJA

Elimu hiyo hupatikanaje? Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Lakini samaki wa urefu wa sentimita moja au mbili, akiumwa, mara nyingi hapati nafasi ya kushtuka tena. Hapana budi ajifunze kwa kuumwa kwa mwenziwe.

Mabingwa walilithibitisha jambo hilo kwa njia rahisi kufahamika. Waliweka mitego yenye taa baharini usiku, wakawakamata samaki wachanga kabla hawajafika mwambani, ili wawe na hakika kwamba hawajapata kukutana na adui wa mwambani hata mara moja. Wakawatia katika vyombo vya maji ya bahari. Kisha wakawagawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilitiliwa vitu viwili kwa wakati mmoja: maji yenye harufu ya samaki adui, na maji yaliyochanganywa na ngozi iliyokwaruzwa ya samaki wa kabila lao. Fungu la pili lilitiliwa harufu ya adui pamoja na maji matupu ya bahari. Kesho yake mafungu yote mawili yalitiliwa harufu ya adui peke yake.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Samaki wa fungu la kwanza waliacha kula, wakapunguza matembezi, wakakaa karibu na maficho. Wa fungu la pili waliendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea. Harufu kwao ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika somo. Wa kwanza walikuwa wamefunzwa, mara moja tu, kwamba harufu hii huandamana na kifo. Wa pili hawakufunzwa.

Kutokana na hayo twaona kwamba hofu ya samaki hawa ina sehemu mbili. Hofu ya ngozi ya ndugu iliyochanika wamezaliwa nayo, haihitaji mwalimu. Lakini hofu ya adui fulani mwenye harufu fulani hufunzwa, na mwalimu wake ni ile hofu ya kwanza. Hakika, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Tena akili yao haiishii hapo. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2011 samaki wachanga walitiliwa harufu za adui kadha wa kadha zikiwa zimechanganywa, pamoja na harufu ya ngozi. Walipojaribiwa kwa harufu moja moja, walizitambua na kuziogopa zile zilizokuwamo katika mchanganyiko, wala hawakuiogopa harufu ya samaki asiyekuwamo. Maana yake ni kwamba kwa kisa kimoja tu samaki aweza kupata orodha nzima ya adui wa mtaa wake.

Hali kadhalika hufunzana. Samaki asiyejua kitu, akiwekwa pamoja na mwenziwe aliyekwisha kufunzwa, huona jinsi mwenziwe anavyoshtuka aisikiapo harufu fulani, naye baadaye huiogopa harufu hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakupata kunusa ngozi iliyochanika.

HOFU YENYE KIASI

Huenda msomaji atauliza, ‘Kama ni hivyo, mbona samaki haogopi kila harufu? Si angekuwa salama zaidi?’ La, hasha. Samaki akaaye mafichoni siku nzima hali chakula, asipokula hakui, asipokua hubaki mdogo mwenye kumezwa na kila mtu. Hofu ni kama walinzi wa duka: wasipokuwapo wezi huingia, lakini wakiwa wengi mno mshahara wao humaliza faida yote.

Kwa sababu hiyo samaki hupima. Harufu ya ngozi ikiwa kali, maana yake hatari i karibu, hujificha kabisa. Ikiwa hafifu, hupunguza kula kidogo tu huku akijihadhari. Pia hujifunza nani si adui. Katika majaribio mengine samaki walitiliwa harufu moja mara nyingi pasipo madhara yoyote. Baadaye harufu hiyo ilipotiwa pamoja na harufu ya ngozi, hawakujifunza kuiogopa. Walikuwa wamekwisha kuiandika katika daftari ya majirani wema.

Kuna habari nyingine ya maji baridi inayostahili kusimuliwa hapa. Katika mito na maziwa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini yuko samaki mkali aitwaye paiki, mwenye mdomo mrefu uliojaa meno. Mabingwa wawili wa Kanada walieleza mwaka wa 1993 kwamba samaki wadogo ambao hawajapata kumwona paiki waliogopa harufu ya paiki aliyelishwa samaki wa kabila lao. Hawakumwogopa paiki aliyelishwa samaki wa aina nyingine wasio na kitu cha hofu katika ngozi. Yaani mla watu hutambulikana kwa alichokula! Na ilionekana katika majaribio ya mwaka wa 1995 kwamba paiki hupeleka kinyesi chake mbali na mahali anapowindia, kana kwamba aujua ushahidi ulio dhidi yake.

SHULE INAPOFUNGWA

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba hizi ni habari za kupendeza tu. Sivyo. Elimu hii yote hupita katika maji, na maji yakiharibika elimu nayo huharibika.

Tumbawe lililo hai ni kiumbe, wala si jiwe tupu. Likifa, huota majani ya bahari na ukungu, na maji yaliyo karibu nalo hubadilika harufu. Profesa McCormick na wenzake waliona kwamba samaki wa Ambon, wakiwa katika maji yapitayo juu ya matumbawe yaliyokufa, hawakushtuka waliponusa ngozi iliyochanika ya wenzao, ingawa katika maji ya matumbawe hai hushtuka mara moja. Tangazo lilitolewa, lakini halikusomeka. Wala si samaki wote wenye udhaifu huo. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2017, jamaa mmoja wa karibu wa samaki huyu aliendelea kutambua hatari hata penye matumbawe yaliyokufa. Hivyo mwamba ukifa, baadhi ya makabila ya samaki hubaki na mengine hupungua.

Kelele nazo zina madhara. Katika mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba vyombo vya injini vilipokuwa vikipita karibu na miamba ya kisiwa cha Lizard, samaki wachanga walioliwa na adui walizidi mara mbili ya wale walioliwa wakati wa kimya. Mwaka wa 2018 Profesa Maud Ferrari na wenzake walionyesha kwamba samaki waliofunzwa harufu ya adui huku injini ikinguruma hawakushika somo. Walipopelekwa mwambani, hawakuwa bora kuliko wale wasiofunzwa lolote. Katika mwaka huo huo ilionekana pia kwamba injini za namna ya kale, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, ziliwavuruga samaki kuliko injini za namna mpya.

Kuna jambo jingine ambalo yatupasa kulieleza kwa uangalifu. Moshi wa viwanda na magari huongeza hewa ya ukaa, na sehemu ya hewa hiyo huingia baharini na kuyafanya maji yaelekee kuwa na ukali wa asidi. Tangu mwaka wa 2009 na 2010 mabingwa fulani walitangaza kwamba maji ya namna hiyo huwapotosha samaki wachanga wasiitambue harufu ya adui. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini mwaka wa 2020 mabingwa wengine walitangaza kwamba walirudia majaribio kwa muda wa miaka 3, wakitumia samaki zaidi ya 900 wa aina 6, wala hawakuiona hasara kubwa iliyosemwa. Ubishi ukawa mkali. Msomaji asivunjike moyo kwa sababu hiyo. Ndivyo elimu iendavyo: jambo halikubaliwi kwa sababu limesemwa na mwenye jina, bali kwa sababu mwingine akilijaribu hulikuta vivyo hivyo. Madhara ya hewa ya ukaa na joto kwa matumbawe yenyewe hayamo katika ubishi huo. Na tumbawe likifa, tumekwisha kuona linalofuata.

MAANA YAKE KWETU

Wazee wa pwani yetu wanaukumbuka mwaka wa 1998. Mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita desturi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na ya Tanzania yalibadilika yakawa meupe kama chokaa, kisha sehemu kubwa yakafa. Mvuvi aliyeona mwamba mweupe alisikitika kwa sababu ya nyumba ya samaki iliyobomoka. Sasa twaelewa kwamba palibomoka na shule pia.

Kwa maana samaki mkubwa anayeuzwa sokoni Mombasa, na yule anayesafirishwa katika barafu mpaka Nairobi, alikuwa siku moja mtoto aliyefika mwambani usiku peke yake. Kama hakuliwa siku zile mbili za kwanza, ni kwa sababu alipata maficho, na baadhi yao ni kwa sababu walinusa hatari mapema. Hesabu ya samaki wa mwaka ujao huanzia hapo, katika siku zile chache, mahali pasipoonekana na mtu.

Joto la bahari yote si jambo la kijiji kimoja kulizuia. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwa watu wa mahali. Juya likiburutwa juu ya mwamba huvunja matumbawe na huchukua wachanga pamoja na wakubwa. Nanga ikitupwa juu ya tumbawe hai hufanya vivyo hivyo. Ikitupwa mchangani haidhuru kitu. Mwenye injini akipunguza mwendo apitapo juu ya mwamba hapotezi ila dakika chache.

Mifano tunayo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka wa 1968. Na katika mwaka wa 2005 wavuvi wa Kuruwitu, katika nchi ya Kilifi, walikubaliana wao kwa wao kutenga sehemu ya bahari yao ili mtu asivue humo, matumbawe yapate kupona na samaki wapate kukua. Ni jambo gumu kwa mvuvi mwenye watoto kuyaacha maji ambayo baba yake aliyavua. Hata hivyo walilifanya, kwa kuwa waliona kwamba mahali pasipo na wachanga leo hapatakuwa na wakubwa kesho.

Basi, msomaji, siku nyingine maji yakipwa, ukisimama kando ya kidimbwi cha mwambani ukaona kikundi cha samaki wadogo kikitawanyika ghafula pasipo sababu uionayo wewe, usiseme kwamba ni wajinga wanaokimbia kivuli. Huenda kivuli chako ndicho kilichowatisha. Lakini huenda pia, nyuma ya jiwe usilolifikia kwa macho, mwenzao mmoja ameumwa, na maji yamekwisha kuwaletea habari.